Punda Akiumia Hupumzishwa, Mchezaji Je?

Sisi watu wa Amu tuna mahakama isiyokuwa na karani wala polisi, nayo ni baraza. Hapo, baada ya sala ya Isha, kahawa ikishamiminwa, huhukumiwa wabunge, manahodha, maharusi na wachezaji. Mimi nimekuwa mmoja wa mahakimu hao kwa miaka mingi. Leo nataka kusimulia jinsi nilivyojikuta nimesimama mahali pa mshtakiwa.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba mwaka wa 2025. Kesi iliyokuwa mbele yetu ni ya mwanariadha wetu Ruth Chepngetich. Huyu ndiye aliyeipatia Kenya sifa kubwa mjini Chicago tarehe 13 Oktoba 2024, alipomaliza mbio za marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56. Kabla yake hapakuwa na mwanamke aliyewahi kuzimaliza mbio hizo chini ya saa 2 na dakika 10. Haukupita mwaka na siku nyingi, akafungiwa miaka 3 asishindane popote, kwa kuwa mkojo aliopimwa mwezi wa Machi 2025 ulikutwa na dawa iliyokatazwa iitwayo haidroklorothayazidi. Rekodi yake haikufutwa, kwa sababu aliiweka kabla ya kipimo hicho.

Mzee mmoja, mvuvi aliyekwisha kupumzika na bahari, alipolisikia jina la dawa hiyo likisomwa kutoka katika simu, alitia mkono mfukoni akatoa pakiti ya vidonge. "Si hivi hivi ninavyomeza mimi kila asubuhi kwa ajili ya presha?" Tukaisogeza pakiti kwenye taa, tukasoma. Ndivyo hivyo hivyo.

Hapo baraza likagawika pande mbili, kama Mkomani na Langoni siku ya mpira. Kijana mmoja akacheka akasema, "Ami, dawa hii ingekuwa yatia mbio, wewe ungekuwa umeshafika Mokowe bila ya mashua!" Wenziwe wakamuunga mkono: mama wa watu ameonewa, amefungiwa kwa kidonge cha wazee. Upande wa pili ukasema mwizi ni mwizi, na kidonge ni kisingizio tu.

Mimi, kama kawaida yangu ya ualimu, nilitaka kuwafafanulia. Kweli dawa hiyo haimpi mtu mbio. Kazi yake ni kuutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Lakini mkojo ukizidi maji, alama za dawa nyingine huweza kufifia zisionekane katika vipimo, na ndiyo sababu ya kukatazwa. Mwenyewe Chepngetich alieleza kwamba aliugua, akameza dawa ya mtumishi wake wa nyumbani bila ya kuchungua. Jambo la namna hiyo lilimfika pia Kolo Touré, mlinzi wa Manchester City, mwaka wa 2011. Alikunywa vidonge vya mkewe vya kupunguzia mwili, akafungiwa miezi 6. Sheria ya michezo katika mambo haya ni ngumu: kilichokutwa mwilini mwako, wewe ndiwe mwenye kukijibu, ukijua usijue.

Vijana wakanikumbusha kesi nyingine. Rita Jeptoo alishinda mbio za Boston mwaka wa 2006, 2013 na 2014, na mwaka huo wa 2014 akakutwa na EPO. Hii EPO ni dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba hewa safi kuipeleka kwenye misuli. Imetengenezwa kwa wagonjwa, hasa wa figo. Mtu mzima akijidunga, damu yake huwa nzito, na damu nzito huweza kuganda ikamuua. Jeptoo alipokonywa ushindi wa Boston wa 2014, akapewa Buzunesh Deba wa Ethiopia. Lakini nani atakayemrudishia Deba ile saa ya kuvuka mstari wa mwisho wa kwanza, watu wakimshangilia?

Na yupo Asbel Kiprop. Huyu alikuwa wa pili katika mbio za mita 1500 kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka wa 2008. Aliyemshinda, Rashid Ramzi wa Bahrain, baadaye akakutwa na dawa ya jamii ya EPO, akavuliwa medali ya dhahabu, nayo ikaja kwa Kiprop. Tukashangilia kwamba haki imerudi kwa mwenyewe. Lakini mwezi wa Novemba 2017 Kiprop naye akapimwa, ikatoka EPO. Alikana, akashikilia kukana, lakini mwaka wa 2019 akafungiwa miaka 4. Aliyepewa haki yake kwa kosa la mwenzake, akahukumiwa kwa kosa la namna ile ile.

Mpaka hapo, wasomaji wapenzi, mimi nilikuwa hakimu mwenye raha. Nilisema kwa sauti kwamba wanariadha hawa wameuza utu wao kwa fedha, na kwamba zamani watu walicheza kwa nguvu walizopewa na Mola wao tu. Mazungumzo yakageukia mpira. Mtu akalaumu kwamba wachezaji wa siku hizi ni wa mayai, wakiguswa kidogo wanatoka uwanjani. Nikaitikia, "Wa zamani waliumia na wakacheza."

Katika pembe ya baraza alikuwa ameketi mtu asiyependa kusema sana. Simtaji jina, maana sina ruhusa yake. Enzi zake alikuwa winga wa timu ya mtaa wetu, na watu walitoka Shela na Matondoni kuja kumtazama. Aliweka kikombe chake chini, akaniuliza taratibu, "Na sindano yangu ile, mwalimu, nayo mwaiitaje?"

Baraza likanyamaza. Vijana hawakuielewa maana yake. Mimi niliielewa.

Ilikuwa ni fainali ya mitaa. Siku tatu kabla yake kijana huyu aliumia goti mazoezini, likafura kama dafu. Mamake akatuma ujumbe kwamba mwanawe hachezi. Sisi mashabiki tukakutana, na mimi ndiye niliyezunguka na kofia kuchanga fedha. Tukamtafuta mtu anayejua kudunga, goti likatiwa ganzi, na kijana akaingia uwanjani. Alicheza dakika 90, akatufungia bao la ushindi. Tulimbeba mabegani tangu uwanjani mpaka barabara ya pwani. Ganzi ilipotoka usiku alilia kama mtoto, nasi tulikuwa bado tunakula biriani ya ushindi. Hakucheza tena mpira wa maana. Kazi ya jahazi, ambayo ndiyo kazi ya wazee wake, ilimshinda, kwani goti halikumruhusu kupanda mlingoti. Hata leo akishuka ngazi za gati, hushuka kwa upande.

Nilimjibu kwa neno la kujitetea. Nilimwambia sindano ya ganzi haimo katika orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni. Na hiyo ni kweli. Hata leo haimo. Akaniambia, "Basi mimi sikuvunja sheria. Nilivunja goti." Kisha akaaga, akaenda kulala.

Tangu usiku ule nimekuwa nikilifikiri jambo hili, na nimeona kwamba tumezoea kuzungumza mambo mawili kama kwamba hayana ujamaa. Dawa tunaziweka upande wa madhambi, na majeraha tunayaweka upande wa ushujaa. Kumbe mara nyingi jeraha ndilo mlango ambao dawa huingilia. Tazameni Marekani, kwenye mchezo wao wa besiboli, ambao mtu hupiga mpira kwa gongo. Mwaka wa 1998 Mark McGwire alipiga mipira 70 ikapita nje ya ua katika msimu mmoja, naye akaivunja rekodi ya 61 iliyokuwa imedumu tangu mwaka wa 1961. Nchi nzima ilimshangilia. Mwezi wa Januari 2010 alikiri kwamba alikuwa akitumia dawa za kujenga misuli. Na sababu aliyoitoa ni ipi? Alisema majeraha yalikuwa yakimwandama, akataka apone upesi arudi uwanjani. Sikubali kwamba hiyo ni ruhusa. Lakini ni habari ya kutuzindua. Mchezaji aliyeumia, anayesikia kelele za watu wakiuliza atarudi lini, huyo yuko karibu sana na sindano.

Na kelele hizo ni za nani? Ni zetu sisi.

Hapa kisiwani tuna hospitali ya punda, iliyoanzishwa mwaka wa 1987 na shirika la Kiingereza la kuwatunza wanyama hao. Punda mwenye kidonda cha mgongo hutibiwa bure, na mwenyewe huambiwa amwache apumzike asibebe mawe wala mchanga mpaka apone. Wakati wa mashindano ya punda, anayemleta punda anayechechemea huzomewa na watu wote, na haki yake azomewe. Sisi ni wenye huruma kwa punda. Lakini mtoto wa jirani akichechemea siku ya fainali, tunamwambia, "Jikaze, wewe ni mwanamume." Punda amepata wa kumtetea, na mwana wa Adamu amekosa.

Najua kuna watakaonijibu kwamba umaskini ndio unaowasukuma vijana. Mshindi wa Boston mwaka wa 2014 alitengewa dola 150,000, na kijana aliyekulia kwenye shamba dogo la mahindi huko Bonde la Ufa anaona hapo maisha ya ukoo mzima. Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Lakini fainali yetu ya mitaa haikuwa na dola hata moja. Kikombe chenyewe kilikuwa cha bati. Tulimwangamiza kijana yule kwa sababu hatukutaka kuchekwa na mtaa wa pili asubuhi yake. Kwa hiyo maradhi haya si ya fedha peke yake. Ni maradhi ya kutokubali kushindwa.

Nasi Waislamu hatuna udhuru wa kutojua dawa ya maradhi hayo. Imepokewa kwamba Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, alikuwa na ngamia aitwaye Al-Adhbaa, ambaye hakuwa akipitwa katika mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake mchanga, akampita. Jambo hilo likawauma Masahaba. Mtume alipoliona hilo nyusoni mwao aliwafahamisha kwamba ni haki ya Mwenyezi Mungu kwamba hakuna kinachonyanyuka katika dunia ila Yeye hukishusha. Hakumwambia mtu amtie ngamia nguvu za bandia, wala hakumlaumu mnyama. Walishindwa, wakafundishwa adabu ya kushindwa. Na tumefundishwa pia kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe, maana ni amana. Ikiwa mwenye mwili hana ruhusa ya kuuharibu, sisi watazamaji tumepata wapi ruhusa ya kumchangia auharibu?

Sheria zipo, na zinafaa. Kenya ilipitisha sheria ya kupambana na dawa hizi mwaka wa 2016, na mwaka huo huo ikaundwa taasisi yake, ADAK. Inapima, inafundisha, na inashitaki. Kijana yeyote wa Amu, Pate au Faza mwenye ndoto ya kuchezea timu kubwa yampasa ajue kwamba kidonge cha nyanya yake, au dawa ya kifua ya dukani, huweza kumfungia njia. Amuulize daktari kwanza, na amwambie wazi kwamba yeye ni mchezaji. Lakini taasisi ya Nairobi haiwezi kuja kupima kelele zetu. Hizo ni za kujipima wenyewe.

Basi nina maombi matatu kwa mashabiki wenzangu. La kwanza, mchezaji akisema ameumia, tumwamini, na aliyemtoa nje asiitwe mwoga. La pili, tulioweza kuchanga kwa sindano tuweze kuchanga kwa matibabu. Timu ya mtaa iwe na kibweta chake cha majeruhi, hata kama ni shilingi kidogo kidogo kila mechi. La tatu, timu ikishindwa, tuzungumze mchezo ulivyokwenda, tusimtafute wa kumtukana njiani.

Ama mimi, deni langu halilipwi kwa makala. Siku ya pili yake nilikwenda nyumbani kwa bwana yule, nikamtaka radhi. Alinikaribisha chai, tukazungumza habari za upepo na bei ya samaki. Nilipokuwa nikiinuka aliniambia kwamba mwanawe wa kiume amechaguliwa kuchezea timu ya mtaa msimu huu, na kwamba ana mbio kama yeye alivyokuwa.

"Utakuwapo uwanjani, mwalimu?" aliniuliza.

Nikamwambia inshallah nitakuwapo. Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Basi akianguka, uwe wa kwanza kusema atolewe."

Nimemwahidi. Na ahadi hiyo naiandika hapa hadharani, ili nanyi mnaonijua mnishike nayo.