Mchoro Mpya, Chuma Kilekile

Nina ugomvi na watu wanaobadili mchoro kisha wakamwachia fundi lawama. Ugomvi wenyewe ni wa siku nyingi, ila maneno ya kuueleza nimeyapata uzeeni, katika karakana moja ya plastiki jijini Dar es Salaam. Nilipelekwa huko na kijana niliyepata kumfundisha, ambaye aliuacha ualimu akawa fundi wa kalibu. Aliniamkia kama zamani, "Shikamoo, Mwalimu," akaniketisha juu ya kreti la soda, akanionyesha kifuniko cha ndoo kisichofunika ndoo.

Msomaji anivumilie kidogo nieleze jinsi kazi hii inavyokwenda. Kalibu ya plastiki ina pande mbili, ambazo mafundi wale waliziita jike na dume. Jike ni upande wenye shimo, nao ndio unaotoa umbo la nje. Dume ni upande uliojitokeza. Huingia ndani ya jike na kutoa umbo la ndani. Zikifungwa, baina yake hubaki mwanya mwembamba. Mashine husukuma plastiki iliyoyeyuka ikaujaza mwanya huo, maji yanayopita ndani ya chuma huipoza, kisha kalibu hufunguka na kifuniko hutoka. Fundi mwenye akili haichongi kalibu nzima katika bonge moja la chuma. Sehemu zinazotoa umbo huzifanya kuwa vipande vya kupachika, ili mchoro ukibadilika kibadilishwe kipande, si kalibu yote.

Sasa kisa chenyewe. Mteja alitanua mdomo wa ndoo yake kwa milimita 2, akaleta mchoro mpya wa kifuniko. Ukingo wa kifuniko ulikuwa na unene wa milimita 2, na unene huo haukutakiwa kubadilika. Hesabu yake ni ya shule ya msingi: upana wa nje uongezeke 2, na upana wa ndani uongezeke 2. Jike litanuliwe na dume linenepeshwe. Wakubwa wa karakana waliagiza jike likerezwe, dume liachwe kama lilivyo.

Kwa nini? Kwa sababu chuma ni rahisi kupunguza na ni ghali kuongeza. Kutanua shimo ni kukwangua tu. Kunenepesha dume ni kulijazia chuma kwa kuchomelea, kazi ambayo joto lake huweza kukipinda au kukipasua chuma kilichotiwa ugumu. Ama sivyo, ni kuchonga kipande kipya. Basi walifanya ile nusu iliyo rahisi, wakasema kazi imekwisha.

Plastiki haihudhurii vikao vya bajeti. Ukingo ulitoka milimita 2 ukawa 3. Muda wa kupoa hufuata mraba wa unene; kwa hiyo kilichokuwa kikihitaji sekunde 10 sasa kilihitaji zaidi ya 22. Hakuna aliyeongeza muda. Vifuniko vilitoka vingali laini katikati, vikabonyea na kupinda. Hata vile vilivyonyooka, kwa ndani vilikuwa na kipimo cha zamani, na havikuingia katika ndoo mpya. Mzigo wote ulirudishwa ukasagwa. Aliyekatwa mshahara ni fundi, na jina alilopewa ni mzembe. Alikuwa ameandika onyo lake katika daftari la kazi, pamoja na tarehe. Hakuna aliyelisoma.

"Mwalimu," aliniuliza, "kosa langu ni lipi?"

Sikumjibu upesi, maana nilikuwa namkumbuka mtu mwingine.

Mihtasari ya sekondari ilipobadilishwa mwaka 2005, nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Tuliambiwa mkazo utoke kwenye wingi wa maudhui uende kwenye umahiri: mwanafunzi atende na afikiri, asikariri tu. Mchoro huo ulikuwa mzuri, wala sikuupinga. Maneno ya zamani yalifutwa na mapya yakaandikwa, jambo ambalo karatasi hulikubali kwa gharama ndogo. Lakini chuoni kwetu tuliendelea kuwasomea wanachuo notisi zilezile, nami nikiwa wa kwanza. Ulipofika wakati wa mazoezi ya kufundisha, binti mmoja alisimama mbele ya darasa la wanafunzi zaidi ya 70, akaandika notisi ubaoni tangu kengele hadi kengele. Msimamizi aliandika kwamba hakutumia mbinu shirikishi, akampa alama ya kushindwa. Nami nilitia saini. Binti yule alifundisha vilevile tulivyomfundisha sisi. Umbo jingine angelipata wapi? Sikupata kumwomba radhi. Namwomba hapa.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Muhtasari ni jike la kalibu: unaonyesha umbo la nje, nao ni rahisi kuukwangua. Mwalimu ndiye dume. Na plastiki inapopoa, husinyaa ikalikumbatia dume. Ndiyo maana vijiti vya kukisukuma kifuniko kitoke huwekwa upande huo. Mtoto naye haukumbatii muhtasari, ambao hata hajapata kuuona. Humkumbatia mwalimu aliyesimama mbele yake. Ukibadili muhtasari bila kumbadili mwalimu, umenenepesha ukingo tu: mzigo umezidi, muda wa kipindi ni uleule, na kifuniko hakiingii kwenye ndoo.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema, "Tulifanya semina." Semina ya siku tatu, yenye posho, chai na maandazi, ni kulipaka dume rangi. Dume lililopakwa rangi lina kipimo kilekile. Wa pili atasema, "Gharama." Huyu namheshimu zaidi, kwa sababu anasema kweli: kuongeza chuma ni ghali. Lakini naye ajumlishe plastiki iliyosagwa, umeme uliopotea, mteja aliyeondoka, na fundi aliyevunjika moyo. Kwetu sisi kilichopotea ni miaka ya watoto, na miaka hairudi mashineni ikayeyushwa upya.

Wa tatu atasema kwamba mwalimu mzuri hufuata tu kitabu. Huyo hajui kwamba fundi hachongi chuma kwa kipimo cha mchoro. Plastiki ya aina ya polipropilini husinyaa kwa asilimia 1 hadi 2 hivi. Kifuniko kikitakiwa kiwe na upana wa milimita 300, chuma chake huchongwa karibu 304 au 305. Mwalimu naye hana budi kulizidi somo. Anayejua sawasawa na kitabu atatoa pungufu ya kitabu.

Tusidhani jambo hili halijapata kufikiriwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu vijijini, wakifundisha huku wakijifunza kwa posta na redio. Watu huwacheka hadi leo kwa jina la walimu wa UPE. Mimi siwacheki. Mafunzo yao yalikuwa na upungufu mwingi, lakini angalau mtu fulani alikumbuka kwamba dume lipo.

Januari 2024 mitaala mipya ilianza tena kutumika. Nimestaafu, sina ofisi wala muhuri. Nina haki ya raia ya kudai yale ambayo fundi wa karakana huyadai. Kwanza, vipande vyote viwili vibadilishwe kabla mashine haijawashwa: chuo cha ualimu kipate muhtasari, vitabu na wakufunzi walioandaliwa kabla ya shule, si baada yake. Pili, vitolewe vichache vya majaribio, vipoe, vipimwe, na kipande kirudishwe mezani kikirekebishwe bila aibu. Tatu, kipande cha zamani kitiwe namba na tarehe, kihifadhiwe. Maana ndoo za zamani bado zipo, na wanafunzi walioanzia mtaala wa zamani wanastahili kuumaliza kwa heshima. Nne, daftari la fundi lisomwe.

Kijana wangu alinipa kifuniko kile nikaenda nacho nyumbani, na baadaye nikanunua ndoo mpya ya kipimo chake. Viko barazani. Akija mtu kuniambia kwamba walimu wa siku hizi hawafai, humpa vyote viwili nikamwomba afunike.