Faida ya Bandari Isiishie Kilindini

Tuzungumzapo juu ya bandari ya Mombasa, mara nyingi mawazo yetu huishia Kilindini, penye meli na winchi. Sisi wakazi wa Voi, kiasi cha kilomita 160 kutoka baharini, twaiona bandari hiyo kila siku ikipita milangoni mwetu. Ngano, mbolea na vyuma vya kwenda Uganda, Rwanda na mashariki mwa Kongo hupitia hapa, na mkonge wa Mwatate huteremka kuifuata meli.

Anayedhani kwamba bandari ni shauri la watu wa Mombasa pekee na aukumbuke mwaka 2019. Serikali ilipoagiza kontena zisafirishwe kwa reli mpya hadi Nairobi, malori yalipungua barabarani. Hapa Voi, na kule Maungu na Mtito Andei, mama mpika chakula, fundi wa magurudumu na mwenye vyumba vya kulala madereva walikosa wateja. Amri hiyo iliondolewa Septemba 2022, Rais William Ruto alipoapishwa. Sisemi reli ni mbaya. Huiokoa barabara, na maisha pia. Ninalolalamikia ni kuwa sahihi moja iliyotiwa mbali nasi iliondoka na riziki ya miji mizima.

Na ikiwa mizigo yaweza kupelekwa hadi bandari ya nchi kavu ya Naivasha, Voi ina kasoro gani? Hapa ndipo reli na barabara kuu zinapokutana na njia ya Taveta, ivukayo mpaka kuelekea Holili na Moshi. Waingereza waliiona faida ya njia hiyo mapema. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia walijenga reli ya Voi hadi Taveta wakaiunganisha na ile ya Moshi, ingawa haja yao ilikuwa kupigana na Wajerumani, si kusafirisha kahawa. Leo lami ipo, na maofisa wa forodha wa nchi zote mbili huhudumu pamoja mpakani. Kwa mfanyabiashara wa Moshi, Mombasa ni karibu mno kuliko Dar es Salaam. Lakini Tanga nayo iko karibu, na wenzetu hawatatungojea.

Naiomba Halmashauri ya Bandari ifikirie maghala na ofisi za forodha hapa Voi. Na kabla ya kutolewa amri nyingine kuhusu kontena, wakubwa waje kwanza wawasikilize madereva na wauza chakula wa barabara hii.