Povu Juu, Matope Chini

Mwaka 1946 serikali ya Marekani ilimvisha Edgar Sengier nishani inayoitwa Medal for Merit. Alikuwa raia wa kwanza asiye Mmarekani kuipata. Sengier alikuwa bosi wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyokuwa ikichimba Katanga, na ndiye aliyeagiza zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani zitolewe Shinkolobwe na kupelekwa kwenye ghala la Staten Island, New York, mwaka 1940, kabla hata jeshi la Marekani halijajua kwamba litayahitaji. Urani nyingi iliyoingia kwenye bomu la Hiroshima ilitoka kwenye shimo hilo la Katanga. Kuna hata madini yaliyopewa jina lake: sengierite.

Sawa. Sasa nitajie mtu mmoja, mmoja tu, aliyeyachambua mawe hayo kwa mikono.

Kimya, si ndiyo? Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa tajiri ajabu, mengine yakiwa na oksidi ya urani hadi asilimia 65, na sehemu kubwa ya kazi ya kuyatenga ilifanywa kwa vidole vya Wakongo. Jiwe zuri huku, jiwe bovu kule. Watu wale wangeongea na wewe leo mngeelewana, kwa maana Katanga ni nchi ya Kiswahili. Lakini vitabu vinamtaja Sengier kwa jina na wao vinawaita "wafanyakazi". Mmoja alipata medali. Wengine walipata vumbi la urani.

Naanza na hiyo hadithi kwa sababu kila mwaka, katika kumbi za hoteli zenye mazulia manene, tasnia ya kuchenjua madini inajitunuku. Kuchenjua, kwa asiyejua, ni ile kazi ya kati: baada ya mchimbaji kulitoa jiwe ardhini na kabla ya tanuri kuliyeyusha. Ni kulisaga jiwe mpaka liwe unga, kisha kutenga chenye bei na kisicho na bei. Kazi hii ina tuzo zake. Marekani kuna Tuzo ya Robert H. Richards, iliyoanzishwa mwaka 1948 na AIME, taasisi ya wahandisi wa migodi. Kuna Tuzo ya Antoine M. Gaudin inayotolewa na chama cha SME. Kuna ya Arthur F. Taggart. Majina matatu, maprofesa watatu.

Na usinielewe vibaya, hawa watu hawakuwa wababaishaji. Gaudin aliandika kitabu kuhusu mbinu ya povu mwaka 1932 na kingine cha misingi ya kuchenjua mwaka 1939, na vizazi vya wahandisi vilisomea humo. Wakati wa vita aliongoza kundi la MIT lililotafuta jinsi ya kukamua urani kutoka kwenye mawe maskini, yale ambayo vidole peke yake haviwezi kuyatenga. Akili ilikuwepo, jasho lilikuwepo. Sina ugomvi na marehemu.

Ugomvi wangu ni na mizani. Tuzo za tasnia hii zinapima kile kinachoelea, halafu zinatuambia kwamba hicho ndicho kilichokuwepo.

Hebu tuangalie hiyo mbinu ya povu yenyewe, maana ndiyo iliyojenga dunia unayoishi. Unga wa jiwe unatiwa kwenye tangi la maji, dawa kidogo inaongezwa, hewa inapulizwa kutoka chini. Chembe za shaba, risasi au zinki zinachukia maji, zinang'ang'ania mapovu na kupanda nayo juu. Mchanga na udongo vinapenda maji, vinabaki chini. Povu linakusanywa, linauzwa. Matope yanasukumwa kwenye bwawa nje ya mtambo. Shaba iliyo kwenye chaja ya simu yako, kuna uwezekano mkubwa ilipanda povu kabla ya kukufikia.

Nani aligundua? Mwezi Agosti 1886, mwanamke anayeitwa Carrie Everson alipewa hataza ya Marekani ya kutumia mafuta na asidi kutenga madini na mawe. Alikuwa ameona kwamba mafuta hushika madini na kuliacha jiwe, na alielewa kwamba asidi huongeza nguvu ya jambo hilo. Hiyo ni karibu miaka 20 kabla ya mitambo ya Broken Hill, Australia, kuifanya mbinu ya povu kuwa biashara kubwa. Hataza yake ilipitwa na muda bila kumtajirisha. Alikufa mwaka 1914, wakati makampuni makubwa yakiburutana mahakamani juu ya nani hasa ni mwenye povu, kesi iliyofika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1916.

Na walipomkumbuka, walimkumbuka vipi? Kwa porojo. Hadithi iliyosambaa ni kwamba alikuwa mwalimu wa shule aliyekuwa akifua magunia ya mawe yaliyolowa mafuta, ghafla akaona kitu kinang'aa kwenye povu la sabuni. Yaani mwanamke akifanya majaribio ya kemia haiingii akilini, lakini mwanamke akifua, aah, hiyo tunaielewa! Hata ugunduzi wake walimvulia ubongo wakamvisha aproni.

Ngoja, kuna kali kuliko hiyo. Rudi kwenye Tuzo ya Robert H. Richards. Huyu Richards alifundisha MIT miaka mingi na kuandika juzuu nene kuhusu usafishaji wa madini. Mkewe alikuwa Ellen Swallow Richards, mwanamke wa kwanza kukubaliwa MIT. Mwaka 1870 walimwingiza bila karo, na si kwa ukarimu: asipolipa, chuo kingeweza kusema si mwanafunzi wake rasmi. Mwaka 1873 alihitimu. Mwaka huohuo alipata shahada ya uzamili Vassar kwa kazi iliyohusu vanadi ndani ya mawe ya chuma. Mwaka 1879 akawa mwanamke wa kwanza kuingia AIME. Ndiyo, taasisi ileile. Nyumba moja, meza moja ya chakula, wataalamu wawili wa madini, wote wanachama wa taasisi moja. Ilipofika siku ya kuipa tuzo jina, taasisi ikachukua la bwana.

Najua jibu linalokuja. "Ellen alihamia mambo ya maji safi na usafi wa nyumba, si kuchenjua." Ni kweli alihamia huko, na huko alifanya makubwa. Lakini jiulize kwa nini mtu aliyeanza na vanadi kwenye chuma aende kupima maji ya kunywa. Mlango wa kwanza ulikuwa wazi kiasi gani? Na hata tukikubali kwamba alihama kwa hiari yake, ni nani kati ya hao wawili alikuwa akiuliza swali ambalo migodi inalikwepa hadi leo, yaani maji yanayotoka kwenye kazi zetu yanamfikia nani?

Hapo ndipo tunafika kwenye matope.

Mawe mengi ya shaba yanayochimbwa leo yana shaba chini ya asilimia 1. Fanya hesabu mwenyewe. Katika kila kilo 100 zinazosagwa, zaidi ya kilo 99 si shaba. Kwa uzito, kiwanda cha kuchenjua ni kiwanda cha matope kinachotoa shaba kidogo pembeni. Lakini mhandisi akiongeza asilimia mbili tatu kwenye shaba inayopatikana, anapigiwa makofi. Mwenzake aliyekesha akihakikisha bwawa la mabaki halitoboki, makofi yake ni yapi? Kazi yake ikifanikiwa, hakuna kinachotokea. Na jambo lisilotokea huwezi kulipigia picha likipokea medali.

Tarehe 25 Januari 2019, bwawa la mabaki la kampuni ya Vale lilipasuka Brumadinho, Brazili. Watu 270 walikufa, wengi wao wafanyakazi wenyewe, wengine wakiwa kwenye mkahawa wa kampuni uliojengwa chini ya bwawa. Bwawa lilikuwa na cheti kwamba liko imara. Cheti! Karatasi ya sifa. Februari 2025, karibu na sisi zaidi, bwawa la mabaki la Sino-Metals lilivunjika Chambishi, Zambia, na maji yenye asidi yakashuka hadi Mto Kafue. Samaki wakaelea. Wakulima wakapoteza mazao. Matope yaliyosahauliwa kwenye hotuba za ukumbini yalijitokeza yenyewe bila mwaliko.

Wengine watasema, "Lakini tuzo za mazingira na usalama zipo." Zipo, na ndilo tatizo lenyewe. Zimewekwa chumba cha pembeni. Tuzo kubwa ni ya ubingwa wa kitaaluma, halafu kuna ya mazingira, kama pole. Maana yake unaweza kuwa bingwa wa kuchenjua katika chumba kimoja huku mabaki yako yakiwa mjadala wa chumba kingine. Mpishi anayeacha jikoni likiwaka moto hatumpi tuzo ya upishi kisha tukamwachia wa zimamoto tuzo yake tofauti. Mabaki ni nusu ya kazi. Kwa uzito, ni karibu kazi yote.

Na sisi huku? Nenda Nyatike, Migori. Kina mama wameketi juani wakiponda mawe, wengine wakisafisha unga kwenye mabeseni, wakichanganya na zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki inashika dhahabu, halafu inachomwa motoni, moshi unapaa, dhahabu inabaki. Moshi huo ni sumu ya neva. Uchimbaji mdogo wa dhahabu duniani ndio unaotoa zaidi ya thuluthi ya zebaki yote ambayo binadamu wanaitupa hewani. Ng'ambo ya mpaka, Geita, watu wa mwalo wana mpaka neno lao la mchanga uliokwisha kuoshwa: marudio. Kwa sababu watu wa sianidi watakuja kuununua na kuuchenjua tena. Angalia lugha ilivyo na akili! Kiingereza cha wenye migodi kinayaita mkia. Kiswahili cha wachimbaji kinasema hiki kitarudi.

Sasa niambie, huyo mama wa Nyatike si mchenjuaji? Anasaga, anatenga kwa uzito, anatumia kemikali, anarudisha metali. Hatua ni zilezile. Tofauti ni kwamba mtambo wake ni beseni na mapafu yake ndiyo kichujio cha moshi. Mtu atakayemletea njia ya kutenga dhahabu bila zebaki, ya bei anayoiweza, isiyompunguzia mapato, atakuwa ameokoa watu wengi kuliko asilimia mbili za shaba kwenye mgodi wa bilionea. Lakini kazi hiyo haina utukufu. Ni ya chini mno, ya jua kali mno, na anayeihitaji hana hela ya kudhamini meza ya chakula cha jioni.

Wapo watakaosema nina wivu wa medali za watu. Hapana bana. Sitaki tuzo zifutwe. Tuzo zina kazi: zinamwambia kijana wa miaka 22 nini cha kuhangaikia. Ndiyo maana nazibishia. Hapa Kenya vijana wanasomea uhandisi wa migodi na uchenjuaji JKUAT na Taita Taveta. Wakimwona bingwa akipanda jukwaani, wanajifunza ubingwa ni nini. Tukiwaonyesha povu tu, watatengeneza povu tu.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayodai, na hakuna hata moja lililo gumu. Kwanza, jina la mgombea lisipokelewe bila majibu ya maswali mawili: mabaki ya kazi yako yako wapi, na nani anaishi chini yake? Asiyejua, asubiri mwaka mwingine. Pili, tuzo inayohusu mtambo iandikwe majina ya walioundesha mtambo, zamu ya usiku ikiwemo. Karatasi haijaisha duniani. Tatu, AIME iongeze jina moja kwenye Tuzo ya Richards: Ellen. Sanamu haihitajiki, ni herufi tano tu. Nne, vyama vyetu vya wahandisi hapa nyumbani, kabla ya kuiga sherehe za wenzetu pamoja na suti na mazulia, viweke tuzo yao ya kwanza Nyatike, kwa atakayeiondoa zebaki kwenye beseni.

Sheria yetu ya Madini ya 2016 inasema asilimia 10 ya mrabaha iende kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Bunge, pamoja na visa vyake vyote, liliweza kufikiria kwamba watu wa pale wana sehemu katika mapato. Tasnia yenye maprofesa na madaktari wengi hivyo inashindwaje kufikiria kwamba wana sehemu katika heshima?

Mhandisi mwenzangu mtarajiwa, siku moja utaitwa jukwaani. Nakutakia hivyo kwa moyo wote. Lakini usiku huo bwawa litakuwa pale pale juu ya kijiji, na matope hayajui kwamba umeshinda.