Tuzione Seli, Tusizikariri Tu

Wengi wetu tunaweza kuchora seli ya mmea na ya mnyama bila kukosea, lakini hatujawahi kuziona. Kwa maoni yangu hiyo ni hasara, hasa kwetu tunaosoma Lushoto.

Hadubini moja yatosha. Ngozi nyembamba ya kitunguu huonyesha seli zilizopangwa kama matofali, kila moja na ukuta wake. Seli za ndani ya shavu hazina ukuta. Zikitiwa rangi, kiini huonekana. Hamira ni kuvu: ina ukuta na kiini, ila haina klorofili. Bakteria wa mtindi, hata wakikuzwa mara 400, ni vijidoa tu, na kiini hawana.

Tofauti hizo si za mtihani peke yake. Mkulima wa viazi hapa Usambara akiona mimea inanyauka, anaweza kukimbilia dawa ya ukungu. Kama ni mnyauko wa bakteria, dawa hiyo haiponyi. Fedha imepotea na ugonjwa umebaki udongoni. Angekata shina na kulining'iniza katika glasi ya maji safi, angeona uzi mweupe kama maziwa ukishuka: hao ndio bakteria.

Mwaka 1941 Papa Pio XII alimtangaza Mtakatifu Alberto Mkuu, aliyechunguza mimea na wanyama, kuwa msimamizi wa wanasayansi. Padre atakayetumwa kwenye parokia ya wakulima atahitaji jicho kama lake. Walimu wetu, kabla ya mchoro wa ubaoni, tupeni kwanza kitunguu na hadubini.