Herufi K Haipoozi Chumba

Wenzetu wanaojiundia kompyuta za mezani huulizana jambo moja tu: prosesa yako umeipandisha hadi gigahezi ngapi? Swali la kwanza lingekuwa: joto lake utalipeleka wapi?

Intel hutoza zaidi kwa prosesa zenye herufi K, kwa sababu kasi yake haikufungwa kiwandani. Lakini tangu 2015 nyingi za K huuzwa bila feni, tena kuzipandisha kasi hudai ubao mama wa kundi la Z, nao ni ghali. Mwanafunzi humaliza fedha kwenye herufi, kisha hutafuta feni ya bei ya chini kabisa.

Tupige hesabu. Joto la prosesa hufuata kasi, likizidishwa kwa mraba wa volteji. Ongeza kasi na volteji asilimia 10 kila moja, joto litapanda kwa takriban theluthi. Na feni haishushi joto chini ya lile la chumba. Bujumbura mchana, chumba kina nyuzi 30. Prosesa ikizidiwa hujipunguzia kasi yenyewe. Faida iko wapi?

Nunua prosesa ya kati, kipoozeo imara na kasha linalopitisha hewa. Ukibakiwa na nafasi, ndipo upandishe. Majigambo hayapoozi kitu.