Mwacheni Mbwa na Vidonge Vyake

Najua nikitaja mbwa humu wapo watakaovuta buibui pembeni. Vuteni, lakini someni.

Mwenzetu mmoja wa mtaani ana mbwa wa ulinzi mwenye kifafa. Miezi mitano mbwa hakuanguka hata mara moja, kwa sababu alikuwa akipewa fenobabitoni asubuhi na jioni. Akaja shoga yake na elimu ya kwenye simu: vidonge vya hospitali vinamla mbwa maini, achana navyo, mpe kijiko cha mafuta ya nazi na habasoda. Akaacha siku ile ile. Siku ya tatu mbwa akaanguka, akaanguka tena kabla hajapata fahamu, na tena. Alifikishwa kwa daktari wa mifugo mwili unawaka moto. Alipona, alhamdulillahi, ila siku mbili nzima alikuwa akigonga kuta kama kipofu. Na shoga mwenye ushauri? Kasema ni husda.

Jamani! Husda gani? Ubongo uliozoea dawa hiyo ukinyimwa ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Kweli, dawa inaweza kuumiza ini. Ndiyo maana mbwa hupimwa damu, na ikibidi daktari huipunguza kidogo kidogo.

Hayo mafuta ya nazi nayo hayakuzuka hewani. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha tiba ya wanyama cha London walichapisha jaribio la mbwa 21 wenye kifafa, waliopewa chakula chenye aina maalumu ya mafuta. Wengi walipungukiwa na kuanguka, wachache wakaacha kabisa. Lakini mbwa wale waliendelea na vidonge vyao muda wote! Na mafuta yale si haya yetu ya kukunia nazi na kuchemsha. Hayo yaliyotumika humo ni sehemu ndogo tu. Ukimjaza mbwa mafuta ya jikoni utampa kuharisha, pengine na ugonjwa wa kongosho, juu ya kifafa alichonacho.

Chakula kina kazi yake, tena kubwa, ila tunakitazama pasipo. Wapo mbwa wanaotumia bromaidi ya potasiamu. Hao leo ukiwapa wali mtupu, kesho vichwa vya ng'onda na dagaa wa chumvi, figo zinaitoa dawa mwilini upesi na kifafa kinarudi. Wewe utasema dawa imechoka, kumbe ni chumvi. Na vitunguu, ambavyo wengine humnusisha na hata kumlisha mbwa aliyeanguka, ni sumu kwake. Akianguka usimtie kitu mdomoni, wala maji. Ondoa vitu vya kumuumiza, tazama saa. Zikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, mkimbize kwa daktari.

Mwezi wa Ramadhani ndio balaa. Nyumba nzima inahamia ratiba ya futari na daku, na mbwa anahamishwa nayo. Kidonge saa 10 alfajiri, kingine saa 12 na nusu jioni: mnyama kakaa zaidi ya saa 14 bila dawa wala chakula, kisha anamwagiwa mabaki ya sambusa. Nani kamfaridhishia mbwa saumu?

Msinambie kuwa mbwa ni najisi. Mate yake najua hukumu yake, na chombo changu nitakiosha mara saba, moja kwa udongo. Hilo linahusu tohara yangu, halinipi ruhusa ya kumtesa. Bwana Mtume (S.A.W.) ametusimulia habari za kahaba wa Bani Israil aliyemtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa. Wala msinambie ana jini. Kisomo someni, dua ombeni, vidonge mpeni.

Ila moja sitaki mnielewe vibaya. Mbwa ambaye hajawahi kuwa na kifafa, akabadilika tabia, akatokwa udenda na kutetemeka, huyo msimguse. Huenda ni kichaa cha mbwa. Akikuuma, ule udongo hautoshi. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachome chanjo. Usingoje uone.

Mwenzetu sasa kaweka kengele kwenye simu: saa 1 asubuhi, saa 1 usiku. Shoga yake bado anatuma sauti. Wiki hii ni tangawizi.