Mlima Hunyeshewa kwa Ajili ya Bonde



Juma hili tunapenda tutafakari pamoja jambo ambalo kwa kawaida halifiki mimbarini, nalo ni mhadhara wa uzinduzi wa uprofesa. Wengi wetu husikia habari zake katika matangazo ya Dominika, pale mtoto wa jumuiya fulani anapopandishwa kuwa profesa na familia yake inapoomba Misa ya shukrani. Chuo humwita profesa huyo mpya asimame mbele ya wenzake wa fani zote, wanafunzi, ndugu na wageni, naye kwa muda wa saa moja hivi aeleze ni jambo gani amelichunguza miaka yote hiyo, na ni jambo gani anakusudia kulifundisha. Leo ni zamu ya mwanahistoria, mwezi ujao ya mhandisi, baadaye ya daktari wa watoto. Wote husimama palepale na wote huulizwa swali lilelile: umepewa kiti hiki ili ufanye nini?

Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa katika mhadhara wa namna hiyo. Profesa alikuwa mtoto wa parokia yetu, naye alituomba tufuatane na mama yake mzazi, ambaye hakuwahi kusafiri mwendo mrefu kiasi kile. Mama alivaa kitenge kipya. Aliona maandamano ya wanataaluma wenye majoho, aliona wakubwa wakisimama mwanaye alipoingia, naye akafuta machozi. Kisha mwanaye akaanza kusema. Alisema kwa Kiingereza, saa nzima, akionyesha picha na majedwali ukutani. Ukumbi ukapiga makofi.

Tulipokuwa njiani kurudi, Mama akatuuliza, "Baba Paroko, mwanangu alikuwa anasema nini?"

Tukajibu, "Mama, amesema vizuri sana."

Akatutazama kidogo, akasema, "Hilo nimelijua kwa makofi. Nauliza alisema nini."

Wapendwa, tuliona haya. Maana mhadhara ule ulihusu mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria. Ugonjwa huo ulielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza nchini Ethiopia mwaka 1968, ukaripotiwa Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukaripotiwa hapa Tanzania, katika mkoa wa Kagera. Mama yule ameishi kwa migomba tangu utoto wake. Kwa migomba hiyohiyo alimlipia mwanaye ada. Na yale mwanaye aliyoyasema yalikuwa mepesi kuliko majedwali yake: kwamba panga lililokata mgomba mgonjwa huupeleka ugonjwa kwa mgomba mzima, hivyo lipitishwe motoni au lioshwe kwa jiki kabla ya kukata tena, na kwamba lile ua dume linaloning'inia chini ya mkungu liondolewe mapema kwa kijiti chenye panda, wala si kwa kisu, kwa sababu wadudu hulitembelea na kuacha vijidudu humo. Mama alirudi shambani asiyajue hayo. Kesho yake asubuhi alishika panga lake kama siku zote.

Tangu siku hiyo tumejiuliza mara nyingi: mhadhara ule ulikuwa wa nani?

Desturi hii tumeirithi kutoka vyuo vya kale vya Ulaya, vilivyokua chini ya malezi ya Kanisa. Katika Chuo Kikuu cha Paris, mtu hakuhesabiwa kuwa mwalimu kamili mpaka avikwe kofia ya ualimu na kutoa hotuba yake ya kwanza mbele ya chuo. Mwaka 1256 zamu hiyo ilimwangukia Mtakatifu Thoma wa Akwino. Umri wake ulikuwa yapata miaka 31, ilhali sheria za chuo zilidai miaka 35. Walimu wengi wa Paris walikuwa wakiwapinga vikali watawa ombaomba, akiwamo yeye Mdominikani, hata kukawa na watu waliowazuia wengine wasiende kumsikiliza. Waandishi wa kwanza wa maisha yake wanasimulia kwamba aliogopa, akasali kwa machozi, na katika ndoto akatokewa na mtawa mzee aliyempa mstari wa Zaburi auzungumzie.

Mstari huo umo katika Zaburi ya 104, nao unamsifu Mungu anayeinywesha milima kutoka juu mbinguni hadi nchi ikashiba. Thoma aliufafanua hivi: mvua hutoka juu, hunyesha mlimani, na kutoka mlimani mito hushuka na kuinywesha ardhi ya chini ili izae. Hekima ni ya Mungu. Walimu ni milima. Wasikilizaji ni ardhi. Mwalimu sharti ainuke kwa mwenendo wake ili aipokee nuru. Msikilizaji naye awe mnyenyekevu kama ardhi ilivyo chini, awe imara katika kupima anayoyasikia, na azae matunda. Hakuna mwalimu anayetosha kwa nguvu zake mwenyewe kwa kazi hiyo. Hana budi kumwomba Mungu amtoshe.

Sisi tunaoishi kati ya milima na mabonde twalielewa hilo bila mfasiri. Mlima haunyeshewi kwa ajili yake wenyewe. Maji yakizuiwa juu, bonde litakauka, na mlima nao utaporomoka.

Si kwamba tunaidharau hotuba ya wataalamu kwa wataalamu. La hasha! Mwaka 1966 Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alipotoa mhadhara wake wa uprofesa huko Makerere, alizungumzia nafasi ya Ugiriki ya kale katika fikra za kisiasa za Afrika. Mwaka 1969 mwanahistoria Terence Ranger, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, alizungumzia namna Mwafrika alivyokuwa mtendaji katika historia ya Tanzania, wala si mtendewa tu. Mihadhara hiyo ilichapishwa na ingali ikisomwa. Naye Padre Joseph Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Baba Mtakatifu Benedikto XVI, alipoanza kufundisha huko Bonn mwaka 1959, alizungumzia Mungu wa imani na Mungu wa wanafalsafa. Mwaka 2006, akiwa Papa, alirudi Regensburg alikowahi kufundisha, akaikumbuka ile siku iliyokuwapo huko Bonn kila muhula, ambapo maprofesa wa vitivo vyote walijitokeza mbele ya wanafunzi wa chuo kizima. Alisema jambo hilo liliwafanya wajione kuwa kitu kimoja, licha ya fani zao kuwa mbalimbali. Ni jambo jema mwanafizikia amsikilize mwanateolojia, na mwanasheria amsikilize bwana shamba.

Hoja yetu ni kwamba umoja huo usiishie kwenye mlango wa ukumbi. Fani zote za chuo zikielewana zenyewe kwa zenyewe, na mama aliyelipa ada asielewe, bado kuna mtu aliyeachwa nje ya karamu aliyoigharimia.

Yupo atakayesema kwamba lugha ya kufundishia vyuoni ni Kiingereza, na kwamba mambo mengine hayana maneno ya Kiswahili. Kwa sehemu ni kweli. Hatutazamii mtaalamu wa hisabati aeleze uthibitisho wake wote sokoni. Lakini tumtazame tena Mtakatifu Thoma. Huko Paris alifundisha kwa Kilatini, kama ilivyopasa. Miaka ya mwisho ya maisha yake, alipokuwa Napoli, aliwahubiria watu wa kawaida juu ya Kanuni ya Imani, Baba Yetu na Amri Kumi, naye alitumia lugha yao ya nyumbani. Akili iliyozama kuliko zote za zama zake haikuona ni kujishusha kusema na muuza samaki kwa maneno ya muuza samaki. Basi mwenye elimu ndogo kuliko ya Thoma ana udhuru gani?

Na tusiwalaumu maprofesa peke yao. Sisi mapadre ni mara ngapi tumeshuka mimbarini tukiambiwa, "Baba, leo umehubiri vizuri," na mwenye kusifu akiulizwa tulihubiri nini, hana la kusema? Ninyi waamini nanyi ni mara ngapi mmemwandalia profesa wenu kiti cha mbele na zawadi ya shuka, asiwepo hata mmoja wa kumwuliza, "Ndugu yetu, umegundua nini?" Tunaipokea elimu kama cheo, kisha twashangaa inapokaa kama cheo.

Turudi kwa Mama yule. Swali lake tulilifikisha kwa mwanaye kama lilivyo. Alikaa kimya kitambo, kisha akaahidi kuja. Noeli iliyofuata, baada ya Misa ya pili, alisimama katika ukumbi wa parokia, bila joho, kijiti chenye panda mkononi, akautoa mhadhara wake upya. Ulipofika wakati wa maswali, mzee mmoja alisema, "Mwanangu, nikichoma panga kwa kila mgomba, siku itaisha. Na kuni atanipa nani?" Profesa hakucheka. Aliandika swali hilo katika daftari lake, kisha akaeleza kwamba watafiti nao wameiona taabu hiyo, na kwamba ipo njia ya kukata shina lile tu linaloumwa, usawa wa ardhi, badala ya kung'oa shina zima na machipukizi yake. Majadiliano yakaendelea hadi watu wakasahau chakula. Mama aliketi mstari wa pili. Safari hii hakuuliza lolote; alikuwa akiwafafanulia jirani zake.

Basi tunapendekeza jambo dogo. Kila mtoto wa parokia hii atakayepewa kiti cha uprofesa, awe wa tiba, sheria, muziki au udongo, aje kutolea shukrani kama ilivyo desturi; na kabla ya chakula atupe nusu saa aseme nasi kwa lugha yetu. Halmashauri ya Walei iipange siku hiyo. Wanafunzi wa sekondari waketi mbele. Nasi tuandae maswali badala ya vigelegele peke yake.

Mungu aliye chemchemi ya hekima awanyeshee walimu wetu, na atujalie sisi tulio bondeni tuwe ardhi inayopokea na kuzaa.

Tunawatakia Dominika njema.